Mtoto wa Mtaani Kwako Anataka Kuwa Samatta: Namna ya Kumlea Yeye na Timu Nzima

Huku kwetu Tandika, Dar es Salaam, mtoto akishajua kupiga danadana kumi tu, anatangaza kwamba anataka kuwa Mbwana Samatta. Sitaki mtu mzima amcheke. Samatta ni mtoto wa Mbagala, barabara ileile ya daladala tunazopanda sisi. Mwaka 2015 alitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika akiwa na TP Mazembe ya Congo, na mwaka 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Mtoto anayeota hivyo anaota jambo lililokwisha kutokea, tena jirani.

Mimi nilicheza winga ya kulia Temeke enzi ambazo Ligi Kuu ya Wanawake haikuwepo. Ilipoanza msimu wa 2016/17 nilikuwa nalea. Asubuhi nafundisha darasa la tano, jioni nafundisha mpira wavulana na wasichana wa mtaa. Watoto wananiita Mwalimu kote kuwili, na mama zao wananiita Mama Kocha. Haya ninayoyaandika ni kwa yeyote anayetaka kufanya kazi hii mtaani kwake, awe kocha, kaka mkubwa, mzazi au mjumbe.

Msimamo wangu nauweka mapema. Timu ya mchangani isijengwe kwa ajili ya mwenye kipaji peke yake. Mwenye kipaji anakua kwa kukabwa na beki anayekuja mazoezini kila siku, kwa kupewa pasi na kiungo ambaye hajaacha shule, na kwa kucheza kwenye kiwanja ambacho majirani wamekubali kibaki kiwanja. Ukiwatupa hao wengine umemtupa na yeye. Na hao wengine ndio wengi: watakuwa mafundi, wauguzi, madereva, wenyeviti wa mitaa, na mpira una cha kuwapa.

Anza na ofisi ya mtaa, mpira baadaye

Kabla ya kununua chochote nenda serikali ya mtaa na barua fupi: jina la timu, umri wa watoto, siku na saa za mazoezi, majina ya watu wazima wawili watakaosimamia, na namba zao za simu. Omba igongwe muhuri. Nakala moja ibaki ofisini, nyingine itunze wewe kwenye nailoni, mvua isiifikie.

Karatasi hiyo ina nguvu kuliko inavyoonekana. Maeneo ya wazi Dar yanamegwa kila mwaka. Leo pana magoli mawili ya miti, baada ya miezi kadhaa pana magari mabovu ya gereji, halafu kontena, halafu ukuta. Timu isiyo na barua haina pa kuanzia inapokwenda kulalamika. Timu yenye barua, yenye wazazi arobaini nyuma yake, inasikilizwa. Na kama mnatumia kiwanja kikubwa kama Mwembe Yanga, jua kwamba pale pana wenye ratiba zao, mikutano ya hadhara na timu za wakubwa, kwa hiyo ulizia mapema badala ya kufika na watoto mkafukuzwa mbele ya watu.

Saa za mazoezi panga kwa kuangalia maisha ya watoto. Wangu wengi wanatoka shule, wanakwenda madrasa, ndipo wanakuja kwangu, kwa hiyo naanza saa kumi na nusu jioni na kumaliza kabla ya adhana ya magharibi. Mwezi wa Ramadhani tunagusa mpira tu, hakuna mbio, na tunawahi kufunga. Mechi za Jumapili asubuhi sizipangi, maana zinawanyima namba watoto wanaokwenda kanisani. Ukiyaheshimu haya, imamu na mchungaji watakutetea wakati usioutarajia.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, viwanja vyetu vinajaa maji yaliyopita kwenye mitaro na vyoo. Msicheze humo. Omba darasa, fundisha sheria za mpira ubaoni.

Kuhusu vifaa sina mengi. Mpira namba 4 kwa walio chini ya miaka 12 au 13, namba 5 kwa wakubwa. Chupa za maji zilizojazwa mchanga zinatosha kuwa koni. Daluga za mtumba zipo soko la Tandika, lakini weka sheria hii: kama nusu ya watoto wako peku, siku hiyo wote wacheze peku, kwa sababu daluga ikishuka juu ya mguu mtupu inavunja kidole. Na kila siku, kabla ya mazoezi, timu nzima ijipange mstari mmoja, itembee polepole kutoka goli hadi goli ikiokota vioo na misumari.

Kaa na mama yake

Mzazi mwongofu kuliko wote bado ana hofu mbili: shule, na kazi za nyumbani zitafanywa na nani. Usimwite uwanjani. Nenda kwake, ukae kwenye kigoda utakachopewa, na umsikilize kwanza.

Nina winga wa kushoto wa miaka 14 ambaye akigeuka na mpira, wakubwa wanaonyoosha nguo sokoni wanasimama kutazama. Mama yake anachoma vitumbua alfajiri. Nilipokwenda, alinikaribisha vizuri, halafu akasema lililomkaa moyoni.

"Mama Kocha, mimi mpira siuchukii. Lakini huyu akirudi anasinzia juu ya daftari. Na maji nani anachota? Baba yake alimwambia mpira ni wa watu wasio na kazi."

"Dada, siji kukuahidi kwamba atakwenda Ulaya," nilimwambia. "Wanaofika ni wachache sana. Nakuja kukuomba saa mbili za jioni, na wewe uniambie unataka nini badala yake."

Alitaka mambo matatu: maji yachotwe kabla ya mazoezi, mtoto awe nyumbani kabla ya giza, na daftari lifunguliwe. Nikamwita mtoto, tukayasema mbele yake, akayakubali kwa mdomo wake. Mkataba wa namna hii, unaosemwa mbele ya mama, unashikwa kuliko fomu yoyote.

Hilo la daftari limenifanya niwe na utaratibu ambao nakusihi uuchukue. Makocha wengi wanamfungia mazoezi mtoto anayefeli. Mimi sifanyi hivyo, kwa sababu mtoto aliyefungiwa mpira hafungui kitabu, anakwenda kijiweni. Badala yake tuna nusu saa ya daftari kabla ya mpira, chini ya mwarobaini. Wa kidato cha tatu wanawasaidia wa darasa la sita. Anayemaliza zoezi ananionyesha, napiga tiki, anavua shati la shule. Hakuna tiki, hakuna kuvua shati. Winga wangu hesabu zake za sehemu amefundishwa na golikipa, na sasa hivi yeye ndiye anayemfundisha golikipa kupiga mpira kwa mguu wa kushoto.

Umri ni ule wa kwenye tangazo la kizazi

Atakuja mtu mzima, mara nyingi mwenye nia njema, atakwambia: "Huyu mpunguze miaka miwili, atapata nafasi." Kataa hapohapo, mtoto akisikia.

Ukimpunguza umri unamnyima nafasi mtoto mwenye umri halali, na huyo uliyempunguza unamfundisha kwamba jina lake halisi halitoshi. Halafu kuna kugundulika. Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana, walishafuzu fainali za Afrika za vijana wa chini ya miaka 17 za mwaka 2005, wakaondolewa kwa kuwa na mchezaji aliyezidi umri. Kikosi kizima cha watoto wa watu kilibaki nyumbani. Tangu 2009 FIFA inapima umri kwa picha za MRI za kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la umri huo, na mifupa haina cheti cha kughushi.

Kazi yako ni hii: mtoto anapojiunga, mwombe mzazi tangazo la kizazi alilopewa hospitali na cheti cha kuzaliwa cha RITA. Wengi watakuwa na tangazo bila cheti. Wasukume wakakifuatilie mapema, akiwa na miaka 9 au 10, wakati hakuna haraka, kwa sababu cheti kinachotafutwa wiki moja kabla ya mashindano ndicho kinachozaa tamaa ya kubadili tarehe. Cheti hichohicho atakihitaji shuleni na baadaye kwenye kitambulisho cha taifa, hata kama mpira utamshinda.

Mechi ya vipindi vitatu

Hapa ndipo penye moyo wa kazi yangu.

Mwaka 1994 beki wa Colombia, Andrés Escobar, aliuawa kwa risasi mjini Medellín siku chache baada ya kujifunga goli kwenye Kombe la Dunia la Marekani. Mjerumani aliyekuwa akiishi mji huo, Jürgen Griesbeck, akaanza na wenzake mpira wa mitaani wa aina nyingine: hakuna refa, wavulana na wasichana wanachanganyika, na goli la kwanza la timu lazima lifungwe na msichana. Mtindo huo umesambaa nchi nyingi, na mechi yake ina vipindi vitatu: mazungumzo, mpira, mazungumzo. Hautaki hela hata kidogo. Sisi Tandika tunauendesha kila Jumamosi, namna hii.

Kipindi cha kwanza, dakika kumi. Timu mbili zinakaa duara moja, wamechanganyika. Wanakubaliana kanuni za siku hiyo. Tatu tu, zisizidi. Mfano: goli la kwanza la msichana; anayeangusha mwenzake anamwinua; hakuna kutukana mama wa mtu. Waache watunge wao. Watoto wakitunga wenyewe wanakuwa wakali kuliko refa.

Kipindi cha pili, mpira wenyewe, dakika ishirini kwa watoto wadogo. Refa hayupo. Wapo wasimamizi wawili, vijana wa miaka 16 au 17, wanasimama nje ya mstari na wanaingia pale tu watoto wanaposhindwa kuelewana. Aliyecheza rafu anainua mkono mwenyewe. Wiki za mwanzo haitatokea, mtapigizana kelele. Vumilia.

Kipindi cha tatu, duara tena, na hapa usiharakishe hata kama giza linaingia. Kila timu inaipa nyingine pointi za uungwana, sifuri hadi tatu, na inaeleza kwa nini. Sisi kushinda ni pointi tatu, sare mbili, kufungwa moja, halafu zinajumlishwa na hizo za uungwana. Kwa hiyo timu inaweza kufungwa uwanjani na bado ikaongoza msimamo wa ligi, na watoto wanalihesabu hilo haraka sana.

Nakuandikia duara moja kama lilivyokwenda, uone ninachosema.

"Mmepata moja," alisema msichana wa timu ya chini, "kwa sababu namba saba alinipiga mtama."

"Sikukupiga. Mpira ndio niliufuata."

"Ulinipiga, halafu ukacheka."

Kijana akanyamaza kidogo. "Nilicheka kwa sababu ulinipiga tobo mbele ya kaka yangu."

"Kwa hiyo ndio univunje?"

"Hapana." Akakwaruza mchanga kwa kidole. "Nilikasirika. Samahani."

Wakaipa timu yake mbili badala ya moja. Mtu mzima hakusema neno. Ukifundisha mpira mtaani utaona vijana wazima, wenye ndevu, ambao hawajawahi kulisema neno hilo, nilikasirika, bila ngumi kufuata. Mtoto anayeweza kulisema akiwa na miaka 13 mbele ya watu ishirini, huyo mtaa umempata.

Pointi za usafi tumeiga kwa majirani zetu wa Nairobi. Kule Mathare, chama cha michezo cha vijana kinachoitwa MYSA kilianza mwaka 1987, na timu zake zinapata pointi za ligi kwa kuzoa taka mtaani. Sisi timu inayozibua mtaro wake, na kusimamiwa na mtu mzima, inaongezewa pointi kwenye ligi ya ndani. Wape glovu na reki, mikono yao isiguse kile kilichomo. Watu wa Dar wanaokumbuka kipindupindu cha mwaka 2015 hawahitaji kuelezwa kwa nini mtaro unahusika. Mama aliyekuwa anawafukuza watoto dirishani kwake kwa sababu ya kelele za mpira, siku walipozibua mtaro wake aliwaletea ndoo ya maji ya kunywa na kikombe.

Wasichana waingie lini na vipi

Waingie siku ya kwanza. Ukisubiri timu ya wavulana ikae sawa ndipo uwaalike, watakuta kiwanja kimekuwa na wenyewe.

Baba mmoja, mcha Mungu, muuza mkaa, alinikatalia binti yake kwa sababu ya bukta. Nikamwambia sheria za mpira zinaruhusu kufunika kichwa tangu mwaka 2014, na kwamba binti yake atavaa suruali ndefu ya mazoezi na hijabu iliyobana, hakuna atakayemlazimisha kitu. Nikamwambia pia mazoezini nipo mimi mwenyewe, na nyumbani anarudi na wenzake watatu wa njia moja. Alikuja kutazama kutoka mbali, kwenye kivuli, siku kadhaa. Siku moja akasogea mstarini. Sasa ndiye anayebishana kuliko wote kuhusu offside.

Mambo ya kushika kwa wasichana ni machache lakini hayana msamaha. Awepo mwanamke mtu mzima kila mazoezi. Pawe na choo cha jirani mlichoafikiana naye. Pawe na mfuko wenye pedi unaotunzwa na kapteni wao, mtoto asilazimike kuja kuomba kwa kocha wa kiume. Na kwa watoto wote, wa kike na wa kiume: hakuna mtu mzima anayebaki na mtoto mmoja peke yake, wala kumpakia kwenye bodaboda yake, wala kumtumia ujumbe usiku. Sisi ni watu wazima wawili daima. Akija kocha anayeona sheria hiyo inamdhalilisha, mshukuru kwa nia yake na usimpe timu.

Wape na mifano yao wenyewe. Aisha Masaka alitoka Yanga Princess akaenda BK Häcken ya Sweden mwaka 2022, kisha Brighton ya Uingereza mwaka 2024. Clara Luvanga alikwenda Saudi Arabia, Al Nassr, mwaka 2023. Simba Queens walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanawake mwaka 2022. Nilipokuwa mdogo sikuwa na jina hata moja la kutaja nikiulizwa unataka kuwa kama nani, nikawa nataja la mwanaume. Watoto wangu wanataja haya, na mimi nayasikia kila jioni.

Miezi ya hatari

Darasa la saba wanafanya mtihani Septemba. Kidato cha kwanza kinaanza Januari. Katikati hapo mtoto wa miaka 13 au 14 hana sare ya shule ya kuvaa, hana mwalimu, na mzazi yuko kibaruani mchana kutwa. Kidato cha nne ni vivyo hivyo: wanamaliza Novemba, na wanaobahatika kuendelea wanasubiri hadi katikati ya mwaka unaofuata. Jiji hili limeshatikiswa na magenge ya Panya Road zaidi ya mara moja. Siwezi kuwatazama vijana wale wa mapanga kama viumbe wa mbali, kwa sababu umri wao ni umri wa vijana ninaowafundisha.

Kwa hiyo ligi yako ya mtaa iweke Oktoba hadi Desemba, mchana, wakati ambao wengine hawachezi. Isiwe ya siku moja ya kombe la mbuzi. Iwe ndefu, ya kila wiki, yenye msimamo uliobandikwa kwenye ukuta wa duka. Waliomaliza kidato cha nne wape kazi: usimamizi wa mechi, kuandika matokeo, kufundisha wadogo. Kijana aliyepewa filimbi na daftari ana sababu ya kuamka.

Na mikeka useme waziwazi. Kubeti kumeingia mpaka kwa watoto wa msingi, wanatumwa na kaka zao kwenye vibanda. Sheria yetu: mchezaji wa timu habeti mechi yoyote, na mtu mzima anayewekeana dau pembeni ya uwanja kwenye mechi ya watoto tunasimamisha mechi mpaka aondoke. Tumeshasimamisha. Mtoto akizoea kuona hela inapita juu ya goli lake, siku atakayoambiwa aliachie goli hataona ajabu.

Wanasiasa wakileta jezi, pokea, shukuru, lakini jina la timu lisibadilike na watoto wasipelekwe kwenye mkutano wa mtu.

Njia ya kutoka mchangani

Mtoto anayekaribia miaka 15 na bado anang'ara anahitaji ngazi inayofuata, na wewe ndiye wa kumwonyesha. Shuleni kuna mashindano ya UMITASHUMTA kwa msingi na UMISSETA kwa sekondari. Hakikisha mwalimu wa michezo anamjua. Nje ya shule, klabu ya mtaa iliyosajiliwa inacheza ligi ya wilaya chini ya chama chake, kwetu sisi ni TEFA, Kinondoni ni KIFA, Ilala ni IDFA. Bingwa anapanda mkoa, kisha mabingwa wa mikoa, kisha First League, Championship, ndipo Ligi Kuu. Azam pale Chamazi wana timu za vijana. Ndondo, mashindano ya timu za mitaani, nazo zina macho mengi yanayotafuta vipaji, ila mtoto wa miaka 15 asichezeshwe na watu wazima wanaoamua ugomvi kwa magoti.

Majaribio yasiwe ya kulipia. Anayetaka hela ya "fomu", ya "viza", ya "kumwona kocha wa Ulaya", msindikize hadi barabarani. Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache kama wazazi wake kuhamia huko kwa mambo yasiyohusu mpira. Kwa hiyo mtu anayeahidi kumpeleka mtoto wa miaka 15 klabu ya Ulaya au Uarabuni mwezi ujao, ama hajui kanuni ama anazijua vizuri mno. Wakala halali ana leseni ya FIFA, na majina yao yapo kwenye tovuti ya FIFA, unatafuta kwa simu yako mbele yake.

Mtoto mwenyewe mwonyeshe mwendo wa Samatta kwa miaka. African Lyon, kisha Simba. Mwaka 2011 Simba walikutana na TP Mazembe kwenye mashindano ya Afrika, na Mazembe wakamsajili akiwa na miaka 18. Alikaa Lubumbashi hadi mwanzoni mwa 2016, ndipo Genk ya Ubelgiji. Aston Villa alifika akiwa na miaka 27. Winga wangu alipohesabu kwa vidole akaona kwamba kutoka leo hadi hapo ni miaka kumi na mitatu, aliuliza, "Mwalimu, miaka yote hiyo anafanya mazoezi?" Nikamwambia ndiyo, yote. Akarudi kupiga krosi.

Na akienda majaribio asichukuliwe, awahi kurudi mazoezini, ikiwezekana kesho yake. Waambie wenzake mapema wasimuulize maswali, wampasie tu mpira.

Daftari la usajili

Hili makocha wa mchangani tunalipuuza na linatugharimu. Sajili klabu. Mwone afisa michezo wa manispaa akupe utaratibu wa usajili wa Baraza la Michezo la Taifa (BMT), kisha jiunge na chama cha mpira cha wilaya, na watoto wasajiliwe kwa majina yao ya kwenye cheti, kila msimu, kuanzia miaka 12.

Sababu ni hii. Mchezaji anapouzwa kwenda klabu ya nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada ya uhamisho inagawiwa kwa klabu zilizomlea kuanzia msimu wa umri wa miaka 12 hadi 23. Kila msimu wa kati ya miaka 12 na 15 una robo asilimia ya ada, na kila msimu wa kuanzia 16 una nusu asilimia. Piga hesabu. Akiuzwa kwa yuro milioni moja, na alikuwa kwenu tangu miaka 12 hadi alipomaliza msimu wa miaka 17, misimu minne ya mwanzo inawapa yuro 10,000 na miwili ya mwisho yuro 10,000 nyingine. Hiyo inanunua uzio wa kiwanja, choo, taa, na sare za shule za watoto wengi. Lakini haimfuati kocha aliyemlea kwa moyo tu. Inafuata rekodi ya usajili. Bila rekodi, mtaa uliomfundisha kukimbia haupo kwenye karatasi.

Daftari langu ni la kawaida, kubwa, la mistari. Kila mtoto ana ukurasa: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na namba ya cheti, shule, jina na simu ya mzazi, tarehe aliyojiunga, namba ya usajili ya kila msimu, mashindano aliyocheza, majeraha, na tarehe aliyoondoka na alikokwenda. Ukurasa wa winga na ukurasa wa beki anayekaa benchi ni sawa, mistari ileile. Lipige picha kila mwisho wa mwezi na umtumie msaidizi wako, na nakala ya orodha ipeleke ofisi ya mtaa, ikakae kwenye jalada moja na ile barua yenye muhuri.